Jumamosi za Kupimana Sukari

Kamenu, Thika

Mpendwa ndugu yangu Macharia,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku nilipoanguka nyumbani kwako, na mwili wangu sasa hauniruhusu kungoja zaidi. Lakini kwanza salamu. Hamjambo hapo Gatongora? Goti la Tabby linaendeleaje, na bucha je? Mimi naandika nimeegemea mito. Nyonga haikuunga, na kifua kimejaa maji. Nyawira ananitunza kuliko ninavyostahili.

Unakumbuka tulivyopimana sukari kwako kila Jumamosi kabla ya chakula. Wewe ndiwe uliyeanzisha, ukisema wagonjwa wawili wa mama mmoja hawawezi kuugua bila kushindana. Tulitoboa vidole mbele ya wake zetu, Tabby wako na Nyawira wangu, na mwenye namba kubwa alinyimwa chapati ya pili. Mwanzoni sote tulikuwa vibaya, tukacheka.

Kisha ukaenda kwa yule mama Mchina wa Ruiru mjini. Alikushika mkono akasikiliza mapigo, akatazama ulimi, akakupa majani ya mforosadi na mizizi iliyokatwa bapa. Alikukanya usiache vidonge vya hospitali hata siku moja. Daktari wetu wa kliniki hapa Thika naye alikubali, mradi akupime figo mara kwa mara. Tabby akawa anachemsha, nyumba nzima ikanuka udongo uliolowa.

Namba zako zikashuka. Daktari mwenyewe alisema hajui kama ni mizizi, au ni kutembea jioni, au ni zile soda ulizoacha. Zangu hazikushuka. Ukawa unanitania, "Mwalimu, umeshika mkia tena!" Wanawake wakicheka, nami nilicheka. Siku moja nesi alikusimamisha mbele ya benchi nzima uwaeleze wagonjwa unavyojitunza. Mimi niliyefundisha maisha yangu yote nilikaa nikitazama viatu vyangu. Nilikuonea wivu, Macharia. Hata usingizi wako niliuonea wivu, uliposema huamki tena kwenda chooni.

Wewe ukanihurumia. Ulinipeleka kwa yule mama, ukamwarifu daktari, na Tabby akaanza kunimiminia kikombe changu. Nilikipokea kwa shukrani, nikatoka nacho uani nikakimwaga kwenye sukuma wiki. Sikuonja hata tone. Sikutaka kupona kwa dawa yako.

Lakini kukushinda nilitaka. Jumamosi ile nilikuja bila kula tangu jana yake mchana, na vidonge vya kushusha sukari nilikuwa nimemeza mara mbili ya nilivyoandikiwa. Mashine ilipoonyesha namba yangu ulipiga makofi, ukasema Mwalimu amepasi, dawa imeshika. Hatukujua, wewe wala mimi, kwamba namba ndogo vile ni ya kutisha. Nilizinduka hospitalini, nyonga imevunjika, daktari akiuliza nilikuwa nimekunywa nini. Wote walinitazama. Nikajibu kwamba nilikunywa kikombe cha Tabby.

Yaliyofuata unayajua. Nyawira alimfukuza Tabby mlangoni akimwita muuaji. Mwanangu Mwas alikwenda Ruiru kumtukana yule mama mbele ya wateja wake. Wewe ulimwaga mizizi yako yote, na kwa aibu ukaacha hata kliniki. Nami nililala hapa nikinyamaza, nikipokea uji na pole.

Leo asubuhi nimemwambia Nyawira yote hayo. Alifunga kitambaa chake kichwani, akasema barua hii ataileta mwenyewe, ampigie Tabby magoti. Mpokeeni, tafadhali. Mwas naye nimemwagiza arudi kwa yule mama akaombe radhi. Na wewe rudi kliniki wiki hii hii. Anza na vidonge vyako, na habari ya mizizi mwulize daktari.

Msalimie Tabby, umwambie sukuma wiki zake zilikunywa dawa nzuri. Wasalimie watoto na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awatunze.

Limebaki moja, ambalo hata Nyawira sikuweza kumwambia, ndiyo maana nitaifunga bahasha kwa gundi. Mwezi uliopita Mwas aliniletea habari kwamba sukari yako imepanda kuliko yangu, na macho yako yameanza kufifia. Niligeukia ukutani asinione uso. Alidhani nalia, akanifunika blanketi. Nilikuwa natabasamu.

Ndugu yako,
Gachau