Tundu Kwenye Kiatu cha Swafiya

Gahanga, Kigali
8 Januari 2025

Mdogo wangu Usumani,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima, na natumaini huko Mwanza mifupa ya watu bado inavunjika, usije ukakosa picha za eksirei za kupiga. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Binti yako Umulisa, uliyenikabidhi nimfundishe kushona, anataka kupasuliwa kidole cha mguu. Kimepinda kidogo. Harusi ya rafiki yake ni mwezi ujao, na wasindikizaji wote sita, yeye mmojawapo, wamepangiwa viatu vya ncha kali. Ati daktari atakata kipande cha mfupa, apitishe waya, kidole kinyooke kama rula. Nilimuuliza kama kuna anayeoa vidole. Amenuna mpaka leo.

Mimi changu kimejikunja kama kulabu miaka tisa sasa. Nilichukua mkasi nikatoboa kiatu juu yake, na nakanyaga cherehani kwenye chumba changu cha kushonea pale Sonatubes kutwa nzima. Mwandikie umkataze. Wewe ni baba yake, hata kama huonekani.

Dada yako,
Swafiya

Mwanza
15 Januari 2025

Dada Swafiya,

Wa alaikum salaam. Mifupa inavunjika, alhamdulillahi. Mke wangu anakusalimu, sikumsomea ulivyoandika.

Umulisa hapasuliwi. Kidole hakikatwi ili kiingie kwenye kiatu, kiatu ndicho hubadilishwa. Mwambie akisukume kwa kidole gumba. Kikinyooka, avae viatu vipana, aweke kitambaa laini na akinyooshe kila siku. Mpasuaji wetu hapa hukubali kidole kilichokakamaa, kinachouma hata ndani ya kiatu kipana baada ya hayo yote kujaribiwa, au kinachochubuka kila mara. Uzuri haumo.

Sasa wewe. Ukisali, ukikaa kwenye attahiyatu na kuusimamisha mguu wa kulia, kidole chako kinalala kwenye mkeka pamoja na wenzake? Jibu kwa neno moja. Una kisukari tangu 2019, kwa hiyo jibu upesi.

Mdogo wako,
Usumani

Gahanga
28 Januari 2025

Usumani,

Sisi wazima, ninyi je? Tulikwenda kwa daktari. Alikisukuma kidole cha Umulisa, kikalala tambarare. "Hiki nikikate cha nini?" akamuuliza. Akamwandikia viatu vipana. Nilicheka toka mlangoni mpaka kwenye pikipiki.

Kabla hatujatoka alitazama kiatu changu. "Na wewe mama, tundu hilo la nini?" Nikamwambia ni la hewa, na kwamba mimi ni msindikizaji tu. Umulisa akafungua mdomo, nikamkanyaga.

Kuhusu swali lako: siku hizi nasali kwenye kiti. Magoti. Na wewe acha kujifanya daktari. Hata harusini kuna mpiga picha, na hakuna anayemuuliza habari za ndoa.

Dada yako,
Swafiya

Mwanza
6 Februari 2025

Dada,

Habari za afya sikuulizi, maana utanidanganya.

Magoti yako yalipanda kilima cha Rebero kwa miguu mwezi Desemba kumpelekea mteja gauni. Ulijisifu mwenyewe. Huna ugonjwa wa magoti. Una kidole kisicholala na hutaki mtu akione. Umulisa ana miaka ishirini na moja, ujinga wake ni wa umri. Wa kwako umeutoa wapi?

Tundu ulilotoboa lina ukingo, na ukingo unasugua. Usiniambie hakiumi, mguu wa mwenye kisukari huchubuka bila kumwambia mwenyewe. Vua soksi, Umulisa atazame. Kukiwa na kidonda, nenda siku hiyohiyo. Leo bado wanaweza kukinyoosha kidole.

Mdogo wako,
Usumani

Gahanga
14 Juni 2025

Usumani,

Assalamu alaikum. Niko mzima, pungufu kidogo.

Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa cherehani, isitikisike. Ilifaa. Simu zako sikuzipokea, na Umulisa nilimwapisha asikuambie kitu.

Mwezi wa nne alisema chumba cha kushonea kinanuka. Nikamtuma atafute panya. Akatafuta siku mbili. Siku ya tatu akapiga magoti chini ya meza na kunivua kiatu bila kuomba ruhusa. Kidonda kilikuwa palepale penye ukingo wa tundu, na kilikuwa kimefika kwenye mfupa.

Daktari alikuwa yuleyule. "Msindikizaji!" akasema. Alikitazama kidole, akasema mwezi wa kwanza angeweza kukinyoosha, sasa hakuna cha kunyoosha. Walikikata tarehe 22 Aprili.

Navaa viatu vipana vya Umulisa, vile alivyovitupa chini ya kitanda. Harusini alikwenda na sandali, na hakuna aliyekufa. Sasa yeye ndiye anayekanyaga cherehani yangu, mishono inakwenda kama nyoka aliyelewa. Mimi natia vifungo. Wanasema nitarudi kwenye kanyagio mwezi ujao.

Usiniandikie pole. Na hii pia usimsomee mkeo.

Uliniuliza swali la mkeka mwezi wa kwanza, ukataka neno moja. Hapana. Tangu mwaka juzi, hapana.

Dada yako,
Swafiya