Nyumba ya Mama Haifungwi

Nyumba ya Wageni,
Njia ya Majabalini.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Baba Pacha,

Nakusalimu kwa jina la Mola aliyetuumba. Hujambo wewe, na mke wako je? Pacha wameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Goti langu tu ndilo lina kiburi, ila wakati wa sala linakubali kupigwa.

Sasa kaa chini. Nyumba ya mama haifungwi!

Nilikueleza kwamba chama cha watembezi kinatafuta nyumba moja ya kulaza watu wake wanaotembea juu ya majabali ya bahari. Ni sisi au ile hoteli mpya ya vioo. Wangekwenda kule, sisi tungetia kufuli. Nikafunga kula, nikaomba.

Mwenyekiti wao akaja kukagua siku ya baridi, upepo wa bahari unatikisa madirisha. Maneno ya kumkaribisha nilikuwa nimeyakariri kama mtoto wa shule. Mlango ulipogongwa yakayeyuka yote. Mikono ikafanya ilichozoea tangu enzi za mama kwa kila atokaye majabalini: nikamkalisha kwenye kigoda, nikamvua viatu, nikamtia miguu katika beseni la maji moto. Kumbe mama wa watu kaja kwa gari! Viatu vinang'aa, hajakanyaga hata kokoto.

Shemeji yako akachungulia kutoka jikoni. "Mama weee! Mgeni hata hajasalimiwa, ushamwosha!"

Nikatamani ardhi inimeze. Yule mama kafumba macho. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Radhi ya nini, dada? Ongeza ya moto."

Hakubanduka pale mpaka maji yakapoa. Supu alinywea papo hapo, na vyumba alivikagua pekupeku. Wakati wa kuaga akasema, "Kule kwenye vioo wamenizungusha mpaka miguu imevimba. Watu wangu watalala hapa, msimu mzima."

Nilipiga vigelegele hadi jirani yetu seremala akaja mbio na nyundo, akidhani tumevamiwa!

Leo vyumba vimejaa pomoni. Hata kitanda changu nimempa mgeni. Mimi na shemeji yako tunalala stoo, katikati ya magunia ya viazi, na ananilalamikia kwamba nacheka usingizini.

Msalimie mke wako, na shangazi akipita hapo. Mungu aliyelishika paa hili awashike nanyi huko mliko.

Akupendaye tangu alipokubeba mgongoni,
Dada yako.