Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Dada yangu mpendwa Severina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimekuachia. Sisi huku Itigi tunaendelea vizuri, ila vumbi na baridi ya asubuhi. Winfrida mwanao hajambo kabisa. Anakula ugali kama fundi ujenzi na bado analalamika kwamba sijui kusuka kama wewe. Shika hilo, dada, kwamba hajambo. Nitalirudia.

Najua leo umejipanga kusimama stendi ya Manyoni na mihogo yako ya kuchemsha, umpe mwanao dirishani tukipita kwenda Dodoma kuona Bunge. Ndiyo maana naandika. Nimekusudia nikukabidhi barua hii mwenyewe kupitia dirisha hilohilo, kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Ziara hii tulihangaikia sana. Fedha za serikali zilipokuja, za basi na za posho ya walimu wawili wa kusindikiza watoto, sisi walimu tulipiga vigelegele ofisini. Lakini zilichelewa, na zisipotumika kabla mwezi huu wa sita haujaisha zinarudi zilikotoka. Wazazi nao hawakutaka. Kwenye kikao Mama Alute, yule muuza asali uliyemsifia asali yake ulipokuja, alisimama akauliza kama walimu nao wanapeleka watoto wao, au safari ni ya watoto wa wenzao tu.  Nikasimama mimi. Nikasema Winfrida ni mtoto wangu kama wengine walivyo na wao, na atakaa kiti cha mbele kabisa. Mama Alute akacheka, akasema basi na Alute wake akae pembeni yake. Wakakubali wote.

Basi lilifika jana mchana. Lilipakwa rangi mpya, na watoto walilishangilia mpaka wakakauka sauti. Mimi nilikuwa namwangalia utingo. Kabla gari halijatulia aliruka chini na jiwe mkononi akaliweka nyuma ya gurudumu. Uwanja wetu unaujua, ni tambarare kama meza. Dereva akalisogeza basi kivulini, utingo akakimbia na jiwe lake tena. Nikamwuliza dereva. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba breki zipo, ila zinataka kubembelezwa, ukikanyaga mara kadhaa zinashika. Nikamwuliza na mteremko wa Saranda je? Akasema huko mtu anaomba Mungu, na akacheka.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Gasto. Akaniambia basi limetafutwa na watu wanaojua magari, kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwamba tukilirudisha hakuna lingine kabla mwezi haujaisha, na shule yetu haitapewa ziara tena. Jioni Mwalimu Gervas, ambaye tungesafiri naye, akaleta habari kwamba tumbo linamsumbua na posho yake apewe mwingine. Dada, umewahi kumwona mwalimu anayekataa posho? Hapo nikajua naye ameliona lile jiwe.

Asubuhi hii wazazi wamekuja kuwakabidhi watoto. Unaijua desturi yetu, mtoto akisafiri na mtu asiye wa ukoo wake mzazi anauchukua mkono wa mtoto na kuuweka kwenye mkono wa msafiri, na msafiri anasema nimepokea, huyu ni wangu. Nimesimama mlangoni mwa basi nikapokea mkono mmoja baada ya mwingine. Mikono yenyewe ya baridi, imepakwa mafuta. Kwa kila mmoja nimesema nimepokea, huyu ni wangu.

Na wa kwangu nimemficha.

Ndiyo, dada. Winfrida yuko chumbani, amejifunika blanketi, na nimewaambia watu amepatwa na homa. Hana homa. Nilimwambia alale na asitoke, akalia mpaka akachoka. Wewe ulinipa mwanao nimlee, mimi ambaye sikujaliwa, na nilipoliangalia lile jiwe sikuweza kumpandisha. Wa wenzangu nimeweza. Nimeona aibu namna ambayo sijui niieleze vipi, na bado nilikuwa tayari kupanda basi niende nao.

Nimerudi nyumbani kwangu, hapa kando ya uwanja, kuchukua mkoba wangu na kukumalizia barua hii wakati dereva anaongeza maji kwenye injini. Lakini sasa hivi Mama Alute ameingia, hakubisha hodi, na kikombe cha asali kwa ajili ya mgonjwa. Amekaa kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Winfrida. Akakiacha hapo. Halafu akashika shingo, halafu miguu, kama anavyofanya mama yeyote. Winfrida akamwangalia, hakuweza kudanganya.  Mama Alute aliniangalia mara moja tu, akaiacha asali sakafuni, akatoka.

Watoto walikuwa wanaimba. Nimemsikia akimwita Alute ashuke. Nyimbo zimekatika. Sasa na watoto wengine wanaitwa, kila mzazi na jina la wake, na Mwalimu Gasto anapaza sauti lakini hakuna anayemsikiliza. Namshukuru Mungu, dada, na naogopa.

Nisamehe kwa kukusubirisha bure stendi. Mihogo wape watoto wa jirani. Msalimie shemeji, na umwambie kwamba Winfrida ni mzima. Barua hii nitampa Winfrida mkononi akuletee kwa treni, kwa maana sijui baada ya leo kama kuna mzazi atakayeniachia mtoto wake, au kama wewe mwenyewe utataka.

Nasikia miguu yao uani. Wanakuja mlangoni kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Yasinta