Mkwe Asiyelia

Jumanne, 1 Machi 2005

Siku ya kumi na nane bila mke wangu Nakhungu na mtoto wetu Joy. Mwalimu Daud ameniambia niandike kila jioni: nimekasirika mara ngapi, kwa nini, na nimefanya nini. Haya. Leo mara tano. Mara tano, na bado sijala!

Daud anafundisha historia, anakaa nyuma ya msikiti hapa Kitale, na pikipiki yake naitengeneza mimi. Siku moja alinikuta gereji nikipiga ukuta teke. Kesho yake akaniletea karatasi za fotokopi. Ati kulikuwa na watu wa zamani sana, Wayunani na Warumi, walioitwa Wastoa. Mmoja alikuwa mtumwa, mguu mbovu, na bado alikuwa huru kuliko bwana wake. Wanasema kuna vitu viko mikononi mwako na vingine haviko. Mvua haiko. Mdomo wa mtu hauko. Hasira yako iko.

Spana nayo ilikuwa mikononi mwangu. Niliirusha ikapita karibu na sikio la Joy, ikavunja dirisha. Sikumlenga mtoto! Nililenga ukuta. Asubuhi Nakhungu akafunga nguo, akaenda naye kwa babake, Bungoma. Hakunigombeza hata. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 4 Machi

Msimu wa kulima. Kila mtu anataka trekta yake jana. Jepkemboi, yule mama mwenye shamba njia ya Suam, amenisimamia kichwani tangu saa mbili. Ati huyu ni fundi wa aina gani, pampu moja siku tatu. Mbele ya wateja wote! Zamani ningemrudishia na kumwongezea. Leo nikavuta pumzi. Mdomo wake si wangu. Nikaendelea kukaza nati. Akaongea mpaka akachoka, akaagiza soda, akaninunulia na mimi.

Nikaenda mbio kumwambia Daud. Akafurahi, akasema nichukue karatasi zingine, zile za kwanza ni nusu tu. Nikamwambia zinanitosha, nimeshaelewa. Kwani ni kitu kigumu? Ni kunyamaza tu.

Jumapili, 6 Machi

Mzee Eliakim amepiga simu. Baba mkwe wangu, mtu wa pekee kule ambaye bado ananitaka. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi Webuye zaidi ya miaka ishirini, na mpaka leo anaongea kama anashindana na mashine. Amesema nisiende kuchukua mke kwa nguvu. Nitulie. Baada ya Pasaka atamleta Nakhungu na Joy yeye mwenyewe, na Mukhisa asiseme kitu. Mukhisa ni kaka yake Nakhungu. Huyo hanipendi na hafichi.

Nikauliza kama Joy yuko karibu. Yuko, ameitwa, amekataa kuja kwa simu.

"Mtoto ni mtoto, Wekoye. Mpe muda."

Pasaka ni tarehe ishirini na saba. Mbali! Nimefagia nyumba. Nimepanga viti, nimevipanga tena. Dirisha nimeweka kioo kipya wiki iliyopita, lakini leo nimekiosha mara mbili.

Jumatano, 9 Machi

Mara moja tu leo. Moja!

Ijumaa, 11 Machi

Mzee Eliakim amekufa. Alfajiri, presha. Mukhisa amepiga simu, maneno manne, akakata.

Siwezi kukaa. Nimefungua giaboksi ya watu, nikaifunga, na sijui nilikuwa natafuta nini ndani. Nani ataniletea mke sasa? — Ona mimi! Mtu amekufa na mimi nawaza mke. Lakini yule mzee nilimpenda. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Huyu ndiye aliniita mwanangu hata siku nilipokosa.

Nimesoma zile karatasi tena. Kifo hakiko mikononi mwa mtu. Uliyempenda hukupewa, uliazimwa. Kesho naenda Bungoma kama mtu anayejitawala. Nakhungu ataona kwa macho yake kwamba nimebadilika.

Jumapili, 13 Machi

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Kwetu Wabukusu hakuna asiyejua. Mkwe akienda kwa msiba wa baba mkwe huanza kulia barabarani, kabla hajafika getini. Analia kwa sauti, anaita jina la mzee, anazunguka boma, na wanawake wanampokea kwa vilio vyao. Nimeona wanaume wazima wakifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilijua!

Mimi jana nikaingia kimya. Shati limepigwa pasi. Nikawapa wanaume mkono mmoja mmoja. Mama mkwe nikamwinamishia kichwa kwa mbali, kama inavyotakiwa. Kisha nikakaa kwenye kiti. Machozi yalikuwa yanakuja nikayazuia, nikayazuia. Nikawa najisifu moyoni, ati leo nimeweza. Bure kabisa mimi!

Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza wote. Mukhisa akasimama mbele ya watu.

"Mwangalieni vizuri," akasema. "Huyu hajakuja kulia. Amekuja kuhakikisha kama mzee amekufa kweli."

Hakuna aliyenitetea. Nikamtafuta Nakhungu kwa macho. Alikuwa kwenye mlango wa jikoni, Joy amejificha nyuma ya sketi yake. Wakaingia ndani wote wawili. Nimerudi Kitale jioni ile ile, na hasira niliyoandika humu wiki mbili imerudi yote kwa mkupuo. Na si kwa Mukhisa. Kwangu mwenyewe.

Jumanne, 15 Machi

Nimemwendea Daud nikiwaka. Nimemwambia hao watu wake wa zamani wameniponza. Akanimiminia chai kwanza — jinsi huyu mtu anavyonichosha na upole wake!

"Nilikuambia uzuie mkono," akasema. "Nani alikuambia uzuie machozi?"

Ati wenyewe waliandika wazi kwamba hata mwenye hekima hubadilika uso akipigwa na habari mbaya, na machozi yanayokuja yenyewe si aibu. Imo kwenye zile karatasi nilizokataa. Akazitoa. Nikazisoma pale pale nimesimama. Imo kweli.

Ndiyo tabia yangu hiyo. Kusikia nusu na kukimbia.

Alhamisi, 17 Machi

Mzee amezikwa jana. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na wapishi, kwa maana hakuna aliyeniita mbele. Hata jana sikulia. Jana nilitaka na machozi hayakuja. Yaani nimejifunga mpaka sasa sijui pa kufungulia.

Baadaye Nakhungu alinifuata nyuma ya jiko. Amekonda. Nikaanza kumweleza kuhusu Daud, kuhusu Jepkemboi, kwamba hasira imefika mara moja tu kwa siku. Akaniacha nimalize.

"Baba Joy, hasira yako nilikuwa naijua," akasema. "Nilikuwa naisikia ikija, naondoa mtoto. Lakini huyu aliyekaa kwa kiti Jumamosi, simjui. Sijui huyu atafanya nini."

Nilifikiri namletea zawadi, kumbe namtisha zaidi.

Wazee wamekata shauri. Jumamosi ni siku ya kunyolewa, wafiwa wakinyoa nywele kumaliza matanga, boma lote litakusanyika. Nije tena, nianze upya kutoka barabarani, nilie kama mkwe. Nikifanya hivyo watakaa chini tuongee habari ya mke wangu. Nisipofanya hivyo, nisirudi tena.

Nilie kwa amri? Machozi ya kuagizwa kama spea? Na nisipolia, nimepoteza nyumba. Natembea chumbani kama mtu anayetafuta ufunguo.

Jumamosi, 19 Machi. Bungoma, asubuhi

Niko kwa hoteli kando ya barabara. Geti la mzee naliona kutoka hapa. Watu wanaingia. Chai ya pili imepoa. Nimejaribu nyuma ya choo cha hoteli: nimemwita mzee kwa jina, kwa sauti, mara tatu. Hakuna. Macho makavu. Mwenye hoteli amechungulia, akauliza kama ninaumwa tumbo.

Nimejaribu kukumbuka sauti yake kwa simu. Nimekumbuka, nikatabasamu. Hiyo ndiyo shida, mzee nikimkumbuka anachekesha!

Wananyolewa sasa. Mukhisa ametoka mara mbili kuangalia barabara, akarudi ndani.

Huyu anayekuja ni Joy. Wamemtuma aniite. Ameongezeka kimo, gauni ni fupi. Nimemwita, nimemwambia njoo, baba anakuja sasa hivi, njoo unishike mkono twende. Amesimama ng'ambo ya barabara. Hakuna gari linalopita. Nimeita tena, polepole. Amerudi nyuma hatua moja.

Machozi yamekuja. Yamekuja sasa, si ya mzee, na siwezi kuyazuia, na Joy bado hajavuka.