Ua la Marta Limechanua Mara ya Pili

Misheni, Kibondo

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona, na baridi ya Lushoto haikutesi sana mwaka huu. Sisi huku tu wazima. Monika ameota meno manne na anatembea kwa kushika ukuta.

Mama, baada ya mazishi ya Marta nilikuandikia mistari michache tu. Leo nataka nikueleze kazi aliyoiacha mwanao.

Sista anayesimamia bustani alitaka maua ya airisi ya kupamba altare. Yale ya zambarau tuliyotoka nayo Lushoto, yenye mizizi minene kama tangawizi, huko kwenye baridi huchanua mara mbili kwa mwaka. Hapa mvua iliozesha mizizi yake. Kasulu tukakuta mengine madogo ya manjano, yanayostahimili mvua ila huchanua mara moja tu. Marta akasema tuyafungishe ndoa. Nikacheka, lakini yeye alichukua unga wa ua moja kwa unyoya wa kuku, akaupaka kwenye jingine, akalifunga kitambaa nyuki wasiliguse. Mbegu zilipokauka akazipanda kwenye tuta.

Miche ilipofika urefu wa kiganja, tumbo lake nalo lilikuwa kubwa. Sista akamwambia miche ya mbegu hukawia sana kuchanua, avumilie.

"Mimi sina haraka, Sista," akajibu. "Nitakuwepo hapa hapa."

Mwezi uliofuata alijifungua, na damu haikukoma. Gari lilipofika alikuwa ameshatuacha.

Monika alichukuliwa na Mama Domitila, Muha ambaye kaya yake ilihamishiwa jirani nasi watu walipokusanywa vijijini. Alikuwa akinyonyesha wa kwake, akawanyonyesha wote wawili.

Mimi tuta lile nililichukia. Nilikuwa nikilizunguka kwa mbali, Sista akamwagilia mwenyewe. Mwaka huu mvua zilipokatika, mche mmoja ukachanua, ua la manjano lenye mishipa ya zambarau. Sikufurahi, maana mara moja hata ya Kasulu huchanua. Lakini sasa, katika jua hili lililokausha nyasi zote, umetoa kikonyo kingine chenye ua. Mama Domitila ndiye aliyekuja kuniita, Monika mgongoni. Nilikaa chini pale pale udongoni nikalia, Mama, kuliko nilivyolia siku ya msiba.

Sista anataka kupeleka mizizi Kasulu, na Kigoma kwenye joto, aone kama itashika. Wewe nimekutengea kipande.

Sasa kuhusu Monika. Umeomba umlee, nami sina neno. Ni damu yako, na peke yangu siwezi. Nilipomweleza Mama Domitila aliendelea kumbembeleza mtoto. Monika humwita mama, hajui mwingine.

Mwishowe akaniambia, "Mwache amalize mvua zijazo. Nimwachishe ziwa mwenyewe, taratibu."

Sikuweza kumkatalia, nawe nakusihi usimkatalie. Mvua zikiisha nitapanda treni Kigoma na Monika, nimlete kwako.

Nisalimie baba mkwe, na shemeji Elia fundi cherehani, na shangazi aliyemlea Marta utotoni. Mama Domitila naye anakusalimu. Jana aliniuliza kama Lushoto ni mbali sana. Nimemwambia ni mbali.

Mkweo akupendaye,
Zakaria