Nyanya za Eda

Jumamosi, 18 Mei 2024

Wiki mbili leo tangu tumzike Zahoro. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye usukani, kwenye foleni ya malori, hata mpaka wa Zambia hajavuka. Nimebaki na mama yake, Bi Fatu, kwenye nyumba hii ya vyumba vitatu na uani. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mpaka Septemba sitoki getini. Meza yangu ya vitenge sokoni imefunikwa turubai. Daftari hili lilikuwa la oda za wateja. Naandika kurasa zilizobaki.

Leo nimefua koti lake la safari. Mfukoni — pakiti ya mbegu za nyanya! Chotara, za Zambia. Kwenye picha nyanya moja imejaa kiganja cha mtu mzima. Hakuwahi kuniambia. Mtu mwenyewe hata mchicha hajawahi kupanda!

Nimezisia kwenye beseni lililopasuka. Mama mkwe alikuwa ananitazama dirishani. 

Alhamisi, 30 Mei

Zimeota kumi na moja. Nyingine zimegoma. Baridi hii!

Shemeji Masudi, mdogo wake Zahoro, kaja kutoka Mlowo anakonunulia mazao. Kaleta mchele. Kakaa sana. Kasema nyumba yake ya Mlowo ni kubwa, mke mmoja haimudu. Nikainuka nikaenda kumwagilia beseni lililokuwa limeshalowa. Mwanamke aliye edani haposwi, na yeye anajua, madrasa kakaa kuliko mimi. Ndiyo maana anaongelea nyumba.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Nasikia watu wanapita nje, wanacheka, wamevaa vipya. Mimi nachimba mashimo. Miche tisa nimeihamishia kando ya ukuta.

Tumaini, jirani yangu, kanipitishia ndoo ya samadi ya kuku juu ya ukuta. Ni Mnyiha, kwao Mbozi wanaishi kwa nyanya. Kaniambia hizi kubwa si kama za kienyeji. Kila mche uufungie mti wake, na kila chipukizi linalotoka kwapani ulinyofoe. Ukilionea huruma, dada, utavuna majani tu.

Mama kafungua dirisha, kauliza kama mjane anaruhusiwa kushika jembe. Nikamjibu, uani si ni nyumbani, mama? Kalifunga.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi imeua mitatu. Sita imebaki. Jioni naifunika viroba, asubuhi naifunua.

Ukuta hadi ukuta ni hatua kumi na nane. Nimepima mara nyingi leo. Nje honi, honi, honi — kila mtu anakwenda mahali.

Jumanne, 9 Julai

Kumi na nane.

Ijumaa, 26 Julai

Siku ya sita bomba halitoi. Mwenye mkokoteni analeta madumu machache, tunagawa: ya kunywa, ya kupika, ya kujifuta mwili. Nyanya hazipati. Na ndiyo kwanza zimezaa! Mbili za kwanza zimefikia ukubwa wa yai. Nikazigeuza. Kitako cheusi, kimeoza.

Tumaini kasema ni kwa sababu leo nazinywesha, kesho nazinyima. Hata kidogo, lakini kila siku. Kila siku! Kwa maji yapi?

Adhuhuri nikamwona mama anatoka na birika na kigoda. Akakaa katikati ya miche. Akatawadha pale pale! Maji ya mikono yakaangukia mche mmoja, ya miguu mche mwingine. Alasiri akahamia upande wa pili. Hakuniangalia hata mara moja. Nikaingia jikoni nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Jumapili, 4 Agosti

Mama anatawadha taratibu sana siku hizi. Birika zima! Nyanya zinavimba. Moja imeanza kupinda mti wake, nimeifunga kwa kipande cha kitenge.

Jumatano, 14 Agosti

Masudi kaja na mtu mwenye futi. Hodi hawakupiga. Wamepima uani, wamepima mpaka choo. Shemeji, kasema, kuna tajiri anataka sehemu ya kuegesha malori.

Yule mtu akarudi nyuma akivuta futi, akakanyaga mche. Ukavunjika chini kabisa, na nyanya tatu mbichi juu yake.

Nikauliza, kwani nyumba hii ni ya nani?

“Hati ina jina la mama,” Masudi akasema. “Marehemu aliandikisha mwenyewe.”

Kweli. Nilikuwepo. Nilicheka hata, nikasema mama ndiye mama. Vitenge vyangu vya miaka sita vimo ndani ya matofali haya, lakini karatasi haivijui. Na mtoto hatukujaaliwa.

Akaniambia nisiwe na wasiwasi, sitatupwa. Eda ikiisha nina njia mbili: kwake Mlowo, au kwetu Ujiji. Njia mbili! Ya kubaki haimo.

Mama alisikia yote. Alikuwa ameinama anaokota zile mbichi, anazitia kwenye khanga yake.

Alhamisi, 29 Agosti

Imeiva! Nyekundu mpaka begani. Imejaa viganja vyangu viwili. Nimeikata vipande vinene, nyama tupu, mbegu kidogo. Tumekula na chumvi, mimi na mama, tumekaa kwenye mkeka uani.

Kasema, bila kuniangalia, kuwa ni yeye aliyemwagiza Zahoro zile mbegu. Aliona nyanya kama hizo kwa mtu, akatamani. “Nilipoona umezitia kwenye beseni, nilitaka kukunyang'anya. Halafu nikasema, mwache, naye ana lake.”

 Kisha nikajikaza nikamuuliza: mama, utaweka dole gumba kwenye karatasi yao ya kuuza nyumba?

“Masudi ndiye mwanangu aliyebaki.”

Basi. Akalamba chumvi kidoleni.

Jumamosi, 7 Septemba

Kesho eda inakwisha. Tumaini kaniambia juu ya ukuta kwamba wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bado wananiulizia. Meza ipo, turubai tu ndilo limechanika. Nimepiga pasi gauni. Masudi kapiga simu: anakuja kesho na watu wawili. Hakusema wa nini. Hakuna haja.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika jikoni, haraka, daftari liko juu ya debe la unga.

Nimeoga. Nimevaa. Nilikuwa nimeshashika mkoba, Tumaini ananisubiri nje twende sokoni. Wakaingia. Masudi, mashahidi wawili, karatasi, pedi ya wino. Masudi akaushika mkono wa mama kabisa, akaukunjua ule wa kulia.

Mama akauvuta. “Naila anisomee kwanza.”

“Mama, nilishakusomea.”

“Ulinisimulia. Mimi nataka nisomewe.”

Nikasoma. Yote, mpaka chini. Mnunuzi anakabidhiwa nyumba ndani ya siku thelathini. Kuna mipaka ya kiwanja, kuna jina la mnunuzi, kuna choo na ukuta. Nilipofika mwisho mama akaniambia nirudie, eti pengine nimeruka mstari. Sikuruka. Yeye mwenyewe hayumo popote, isipokuwa pale pa kuweka dole gumba.

Akaniambia niende nikawakatie wageni nyanya.

Ndiyo niko hapa. Mlango wa uani u wazi, geti li wazi. Tumaini kapiga mluzi mara mbili. Leo hakuna wa kunizuia — miezi minne nimeisubiri siku hii! Lakini nikitoka atabaki peke yake na ule wino. Nikibaki, naweza kuwa nimebaki kwa ajili ya kuona nyumba ikienda. Miguu haitaki kuchagua.

Nyanya nne nimekata. Sinia limejaa.

Huko sebuleni mama anaongea. Sauti si kubwa. Anasema, “Masudi. Mimi nitalala wapi?”

Shahidi mmoja anakohoa. Kiti kinasogea.

“Baba, nimekuuliza. Nitalala wapi?”

Nimesimama na sinia mkononi na kalamu mkono wa pili.