Mzee Peke Yake Hapangishwi

Sumbawanga, 14 Juni 1993

Mwanangu Adela,

Najua umeshajiandaa kulia. Acha kwanza. Mimi mzima, meno yangu yote kumi na moja yapo, magoti yananung'unika lakini yananifuata. Hujambo wewe? Wajukuu wangu? Na yule mbuzi wa jicho moja, bado anakupiga pembe? Anayeandika hapa ni Scola, binti anayeuza pombe kilabuni. Mimi nasema, yeye anakimbiza kalamu, halafu ananicheka.

Nimefika mjini juu ya lori la mahindi. Mlimani likakwama, nikashuka nikalisukuma peke yangu. Walikuwepo vijana saba wameshikashika nyuma, ila lori lenyewe lilijua nani anasukuma.

Sasa sikia vizuri. Nimepanga chumba! Kiko hapa Chanji, kina bati juu, dirisha linatazama milima ya Mbizi. Miaka sitini na nane sijawahi kuwa mpangaji wa mtu, leo mimi mtu wa mjini. Na kazi ninayo. Ni kazi kubwa, nikikutajia hutalala.

Mwambie Basil huko Milepa, na Nestory huko Mtowisa: baba yenu si jembe la kuazimana. Tangu tumzike mama yenu Kristiana mmenigawa, miezi minne kwa huyu, minne kwa yule. Kwa Nestory bondeni joto lilinipika hadi nikaiva upande mmoja. Kwako nakaa vizuri, lakini unanikatia nyama vipande vidogo kama mtoto. Sasa nina mlango wangu. Sirudi.

Mimi niliyekuzaa,
Baba yako Felisian


Mwazye, 6 Julai 1993

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, watoto wanakusalimia. Mbuzi amezaa mapacha, macho yao yako mawili mawili, usihangaike.

Baba, chumba chako chenye dirisha nimekisikia. Polikarp dereva amepita hapa juzi. Anasema amekukuta unalala stoo ya kilabu, katikati ya magunia. Nikamwambia labda ni mzee mwingine. Akasema, "Mzee mwingine gani anayesimulia alivyolisukuma lori langu?"

Na kazi gani hiyo isiyotajika? Basil amekasirika, anasema unatuaibisha, watu watafikiri tumekufukuza. Tumekaa kikao sisi watatu. Jumapili ya tarehe nane Agosti tunakuja na lori kukuchukua. Kama siku hiyo tutakukuta na chumba chako kweli, mlango na ufunguo, tutarudi kimya. Kama uko stooni, unapanda lori bila maneno.

Jambo la pili. Mwiko wa mama wa kukorogea pombe hauonekani. Mama alisema mbele yako kwamba mwiko ule ni wangu. Nimepekua mpaka darini. Unajua ulipo?

Mwanao,
Adela


Sumbawanga, 20 Julai 1993

Adela mwanangu,

Marahaba. Natumaini hasira haijakuharibia tumbo. Mimi tumbo langu zuri, linashiba na linacheka. Polikarp mwambie siku akikwama tena asinitazame.

Haya, ni kweli. Nalala stooni. Chumba kipo, nimekiona, nimekipenda, dirisha na Mbizi vyote kweli. Niliwahi tu kukuambia kabla hakijawa changu. Mwenye nyumba anaitwa Mama Hellena. Aliniuliza, "Mzee, mkeo yuko wapi?" Nikasema yuko kaburini. "Watoto?" Wapo, wananitafuta. Akatikisa kichwa. "Mzee peke yake simpangishi. Ukifia humu ndani nani atakubeba?" Nikamwambia, "Mama, nikitaka kufa nitakupa taarifa wiki mbili kabla." Akacheka, lakini mlango hakufungua. Nimezunguka nyumba tisa, zote zinasema vilevile. Kumbe huku mjini wakimtazama mzee wanaona jeneza lenye kofia.

Kazi yangu ni hii, kaa chini. Napika pombe.

Ndiyo, pombe ya ulezi. Ndiyo, najua, kazi ya wanawake. Hapa kilabuni wateja walikuwa wanakimbia, wanakwenda kunywa bia za chupa zilizojaa madukani siku hizi. Nikaonja pombe yao, nikatema. Nikawaambia, "Kimea chenu mmekianika juu ya bati." Wakashangaa, "Mzee umejuaje?" Nimejuaje! Bati linakiunguza kimea kabla hakijakauka, pombe inabaki uji mchungu. Mama yako alikianika kwenye mkeka, kivulini penye upepo, anakitafuna punje mojamoja. Kikilia kwe! anaanua. Mimi nilikaa pembeni yake miaka arobaini. Nyie mlifikiri nilikuwa mvivu, kumbe nilikuwa shuleni.

Walinicheka wiki nzima. Mmoja akanivalisha khanga. Nikaivaa, nikapika nayo. Jumapili watu walitoka misani, saa sita mchana pipa likawa linalia tupu. Sasa khanga hawaniletei, wananiletea kuni.

Mwiko ninao mimi. Niliubeba ndani ya koti. Mkono wangu peke yake haujui uji umefika wapi, ule mwiko unajua. Siurudishi.

Mama Hellena amelegea kidogo. Anataka barua ya mtoto wangu wa kwanza, aseme nikiugua au nikifa atanifuata. Basi, andika. Sikuombi, nakuambia. Scola ananiuliza kama niongeze neno tafadhali. Nimemkataza.

Mpishi mkuu wa Chanji,
Baba yako


Sumbawanga, 3 Agosti 1993

Adela,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, hata usipouliza.

Wiki mbili kimya. Nimeelewa. Basi njooni na lori lenu, mje na kamba ndefu, na Basil aje na marafiki wanne, maana mimi nilimfukuza chui kwa kikohozi tu. Mtanikuta stooni, nimeshika mwiko, uji uko motoni. Mtasubiri uive. Halafu tutaona nani anapanda lori.

Scola anasema macho yangu yana machozi. Mwongo. Ni moshi.

Baba


Mwazye, 5 Agosti 1993

Kwa Mama Hellena, Chanji, kwa mkono wa Polikarp dereva.

Mama, shikamoo. Poleni na kazi, na poleni na mzee wetu. Naomba barua hii na yeye mzee asomewe, na Scola asiruke neno.

Mimi ni Adela, mtoto wa kwanza wa Felisian. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilikwenda Milepa kubishana na Basil. Tumebishana siku tatu. Amenuna, lakini lori la kuja kumchukua nimelirudisha.

Mpangishe, mama. Usimkatie nyama, anachukia.

Mwiko ni wangu, yeye anajua. Aendelee kukoroga nao. Mimi nilirithi mwiko, kumbe yeye ndiye aliyerithi mkono.

Siku akiugua au akifa, niite. Nitakuja siku hiyohiyo, nitambeba mwenyewe, na mwiko wangu nitaubeba. Akiwa mzima usiniite, mama. Nilishamwita, hasikii.

Mtoto wake wa kwanza,
Adela